Diski Ilijaa, Nikamfokea Mama Kabula

Nina hasira mpaka sasa, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Mimi ndiye fundi kompyuta wa ofisi moja ya pamba hapa Somanda. Juzi nilitaka kujua kama diski ikijaa kabisa, faili hubaki na taarifa zake, kama jina la aliyelitengeneza. Nikaandika programu ndogo ya kutengeneza mafaili makubwa hadi nafasi iishe. Nikaiwasha kwenye kompyuta kuu, nikidhani inajaza flashi yangu, nikaenda kula.

Niliporudi, kompyuta kuu ya ofisi ilikuwa imegoma na foleni ya wakulima imefika barabarani. Nikalipuka.

"Nani kajaza diski ya ofisi?"

Mama Kabula, karani wetu, akajibu kwa upole, "Mwanangu, mimi nina video moja tu humo. Ng'ombe wa mahari ya binti yangu wakiingia zizini."

"Hii ni ofisi, siyo zizi!" nikafoka mbele ya watu, nikaifuta video yake palepale. Diski ikabaki imejaa vilevile.

Meneja akasogea. "Hebu tuone faili kubwa kuliko yote ni la nani."

Nikabofya kwa kiburi. Jaribio langu lilikuwa limefaulu mno! Diski imejaa pomoni, na kila faili bado linamjua mwenyewe. Mama Kabula akavaa miwani, akalisoma jina langu kwa sauti hadi foleni ikasikia.

Kisha akanigeukia. "Sasa mwanangu, ng'ombe wangu wako wapi?"