Chumba cha Mbele

Nikipita karibu na karakana ya seremala anayeranda mbao mbichi za mpodo, miguu hupunguza mwendo yenyewe. Harufu ile hunipeleka moja kwa moja hadi Lufingo, kwenye nyumba niliyokulia, ambako kuta za ndani zilikuwa za mbao na kila masika zilitoa harufu hiyohiyo, kama vile miti haijaambiwa kuwa ilishakatwa.

Ilikuwa nyumba ya kupumzikia. Aliyeijenga ni Mzungu mmoja aliyechimba dhahabu huko Chunya kwenye joto, na miezi ya jua kali alipanda kwetu kuvuta baridi. Wazee walicheka sana wakihadithia. Sisi baridi tunaikimbia, mwenzetu anaifuata na kuijengea nyumba! Basi aliijenga kwelikweli. Msingi wa mawe meusi ya mlima, paa la vigae vya mbao vilivyoota kuvu, baraza pana mbele, na chumba kikubwa cha kulala chenye mahali pa kuwashia moto ukutani na dirisha lililoutazama mlima Rungwe wote.

Mgongoni mwa nyumba kulikuwa na kituko kingine cha Mzungu yule. Hakupenda kuwaona waliompikia. Kwa hiyo jiko alilijengea paa lake la peke yake, likigusana na chumba cha kulia kwa ukuta mmoja tu, na katika ukuta huo akatoboa kidirisha cha kupitishia sahani. Nyuma ya jiko kulikuwa na kichumba cha mpishi, chenye mlango wake wa kutokea migombani. Mtu angeweza kupika, kuosha vyombo na kulala hapo mwaka mzima bila kukutana na aliyeko mbele.

Baada ya Mzungu, nyumba ilikuwa ya shirika la umma. Kisha zikaja zama za ruksa, biashara ilipofunguliwa kwa kila mtu. Mitumba ikajaa soko la Tukuyu, mashirika yakauzwa, na Baba, aliyekuwa fundi mitambo katika kiwanda cha shirika hilo, akapunguzwa kazi na kupewa nafasi ya kuinunua nyumba ile. Tulihamia tukitokea kwenye kota za shirika, chumba kimoja watu watano. Mama alipofika kwenye chumba cha mbele alivua viatu mlangoni. Alikaa kitandani, akautazama mlima, akasema tu, "Hapa nitazeekea." Mimi nilivimba kichwa. Shuleni nilimwambia kila aliyetaka kusikia, na wasiotaka pia, kwamba mama yangu analala chumba chenye moto ukutani.

Kiburi changu hakikufika Krismasi ya pili. Mvua kubwa iliangusha nyumba ya mianzi ya Babu, baba yake Baba, kule bondeni. Baba alimleta jioni akiwa ameloa chapachapa, kifua kikimkoroma. Babu alifika barazani akagoma kuingia.

Lazima niwaeleze wasiotujua. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mkamwana, yaani mke wa mwanao, haonani na baba mkwe. Hamtaji jina, hakai naye chini ya paa moja, akimwona njiani anaingia shambani na kujifunika khanga. Walokole walikuwa wameshaiacha mila hiyo, lakini Babu alikuwa Mmoraviani wa kale, aliyemwachia Mungu Jumapili na mila siku zilizobaki.

"Nilale paa moja na mkamwana wangu?" alimwambia Baba huku meno yakigongana. "Bora mvua iniue, mwanangu. Mvua haina aibu."

Baba alibembeleza, akakasirika, akabembeleza tena. Mzee akakaa chini kwenye mawe ya baraza, na baridi ya Lufingo mnaijua au hamuijui. Nililia, nikijua hatafika asubuhi.

Ndipo Mama akaniita jikoni. Alikuwa amekwisha kusanya nguo zake, godoro limekunjwa. "Atupele, kamwambie babu yako hii si nyumba moja. Huku nyuma kuna paa lingine na mlango mwingine, na mimi ndiko ninakolala. Mbele hakuna mwanamke. Mwambie chumba kina moto."

Nilipeleka maneno hayo nikiwa nimenuna. Babu alinyanyua kichwa, akalitazama paa kubwa, akazunguka kwa fimbo yake hadi akaliona la jiko. Alilikagua kama mtu anayenunua ng'ombe. Kisha akaingia ndani.

Tangu siku hiyo, mama yangu alilala kwenye kichumba cha mpishi. Baba alimfuata huko, naye kwa urefu wake alilala miguu ikikaribia kutokeza jikoni. Chakula cha Babu kilipita kidirishani. Yeye alipokea na kusema "Ndaga," asante yetu, akiuambia ukuta. Mimi nilichukia. Niliona nyumba imemrudisha mama yangu mahali pa mtumishi, na shangazi alipokuja aliichochea hasira yangu, akisema aibu gani hii, mwenye nyumba kulala kwa mpishi.

Msimu mmoja wa mavuno Babu alimwita Baba na kumkabidhi mtamba mweusi, ampelekee Mama. Kwa kawaida yetu hiyo ndiyo ruhusa. Baba mkwe akitoa mnyama, mkamwana amefunguliwa. Mama alitoka kwa mlango wa migombani, akazunguka hadi barazani, akapiga magoti mbele ya mzee na kumsalimu kwa sauti yake mwenyewe: "Ndaga fijo, tata," yaani asante sana, baba. Babu alimtazama usoni kwa mara ya kwanza, machozi yakamtoka, akasema kumbe mwanawe alioa mtu mzuri hivi. Tulicheka wote.

Mimi sikungoja kicheko kiishe. Nilikimbia nyuma, nikabeba godoro la Mama hadi mlango wa chumba cha mbele. Akanikuta hapo.

"Rudisha."

"Lakini Mama, umefunguliwa!"

"Nimefunguliwa kumsalimu. Chumba nimempa."

Babu alifia katika chumba hicho miaka mingi baadaye, moto ukiwaka ukutani. Mimi niliendelea kuamini kuwa Mama alionewa, mpaka nilipokuwa na nyumba yangu mjini na mdogo wa mume wangu akaomba kukaa nasi. Nilimpa sebule, kwa masharti, na chumba cha wageni nikakifunga kwa ufunguo. Usiku huo nilimkumbuka Mama na godoro lake lililokunjwa. Hati ya nyumba ilikuwa na jina la Baba, na Baba alibaki barazani akibembeleza. Aliyeamua nani alale wapi alikuwa Mama. Hakuna anayeweza kutoa chumba kisicho chake.