Jumamosi Tunafunga Maji

Nilifunga safari ya Meru kwa sababu mama mdogo Ndeshi alinipigia simu na kuniuliza swali moja: "Wewe unayeona mafuta yakivuja ukiwa umekaa kwenye kiti, maji huwezi kuyaona?" Kazi yangu ni kusimamia miradi ya mifumo ya kompyuta kwenye mabomba ya mafuta. Nimezunguka nayo nchi kadhaa, na nywele zimeanza kuniaga. Mama mdogo ni mwenyekiti wa kamati ya maji kijijini kwetu, na alikuwa amewaahidi watu wa bondeni, upande wa Kikwe, kwamba bomba jipya litawafikia kabla ya Jumapili ya kipaimara. Watu hao walishaahidiwa sana. Wakikosa tena, walisema, wanajitoa kwenye mradi na kuchimba kisima chao.

Tanga niliondoka alfajiri kwa basi. Mkonge ulinichosha macho, kisha Milima ya Upare ikakaa kulia kwetu, nami nikawa napanga kazi kichwani: vipima presha kwenye bomba, kila kimoja na laini yake ya simu, vyote vikinitumia taarifa kwenye kompyuta. Nilijiona mtu mkubwa, sikatai.

Arusha mjini nilipitia kununua betri. Bodaboda mmoja wa Sombetini alinizungusha madukani, akaniuliza nafanya kazi gani. Nikamwambia ya bomba.

"Kazi ya bomba au kazi bomba, mama?"

"Zote mbili," nikamjibu.

Kijijini, juu ya Makumira, nilifika jua likielekea kuzama. Kahawa ilikuwa imeanza kuiva chini ya migomba.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Mbona umekonda hivyo? Hayo mafuta hawakupi hata ya kupikia?"

Alinipakulia machalari, zile ndizi zetu za kupikwa na nyama, hadi nikaomba msamaha. Baada ya kula nikawatumia wanakijiji wote ujumbe wa simu: "Kesho Jumamosi tunafunga mfumo mpya wa maji. Asanteni kwa ushirikiano." Kazini ndivyo tunavyoandika. Kufunga mtambo ni kuuweka mahali pake.

Jumamosi asubuhi mimi na fundi wa kamati tulikuwa chini ya tangi, tunaweka kipima presha cha kwanza. Kompyuta ilipoanza kusoma, presha ilikuwa inaporomoka. Kwenye mafuta, hali hiyo inakufanya uache chai mezani na kukimbia.

"Bomba limepasuka," nikamwambia mama mdogo, aliyekuwa amesimama karibu akitutazama.

Mimi naye tukateremka kulifuata, tukitafuta ardhi iliyolowa. Kote kulikuwa kukavu. Fundi, tuliyemwacha juu, akapiga simu: tangi limekwisha maji. Bondeni halijafika hata tone.

Nyumbani kwa Mama Nai, jirani yetu, ndipo tulipoyakuta maji. Uwanja ulijaa ndoo, masufuria, madumu, beseni la kumwogeshea mtoto, hadi hori la ng'ombe.

"Mama Nai, una sherehe?" mama mdogo akauliza.

"Sina. Si mmesema leo mnafunga maji? Kila mtu amekinga."

Mama mdogo akanigeukia. Nikamweleza kwamba kufunga nilikoandika mimi ni kule kwa kuweka.

"Huku kwetu ukifunga maji, umefunga maji," akasema.

Mimi nilicheka kidogo. Yeye alikuwa anatazama bondeni, kwa Mama Naomi, ambaye kesho yake binti yake angepata kipaimara na wageni wangejaa uwanjani. "Niliwapa neno langu," akasema taratibu. Nikaona aibu, na huruma ikanishika. Chemchemi yetu ni ndogo, tangi lisingejaa tena kabla ya sherehe kwisha.

Nikamwambia naweza kutuma ujumbe mwingine.

"Wewe na simu yako pumzikeni."

Akaanza na Mama Nai palepale, kisha nyumba kwa nyumba, akizungumza Kimeru bila kupandisha sauti. Alikuwa na maneno yaleyale kila mlango: maji mliyokinga ni ya watu wa bondeni. Wapo walionuna. Hakuna aliyebisha.

Jioni njia ya kuteremka ilijaa watu. Ndoo zilikuwa vichwani, madumu yamefungwa kwenye pikipiki, na Mama Nai alibeba lile beseni la mtoto. Mama Naomi alisimama mlangoni kwake akituangalia.

"Bomba limeharibika?" akauliza.

"Bomba ni zima," mama mdogo akamjibu. "Wenzako wamekuletea wenyewe."

Mama Naomi aliingia ndani, akaanza kutoa vyungu vitupu kimoja kimoja, akivipanga mbele yetu huku machozi yanamtoka.

Jumapili tulikula na kuimba. Jumatatu maji yakafika bondeni kwa bomba, na habari ya kisima sikuisikia tena. Nami nikapanda basi la Tanga.

Nilichojifunza ni hiki: siku hizi kabla sijatuma ujumbe wowote wa maji, namsomea mama mdogo kwanza. Wiki iliyopita aliniondolea neno "kukata." Taarifa za Jumamosi ile bado ninazo kazini. Kwa mujibu wa kompyuta yangu, jioni ile bondeni halikufika hata tone. Mimi nilikunywa glasi mbili hukohuko.