Herufi Mbili Zilizonitoa Kitale

Siku yangu ya kwanza kazini, mjini Kitale, Mratibu wa kituo cha lugha alinikabidhi chaki na kunionyesha ubao wenye herufi ishirini na nane. Nilikuwa nimefundisha Kiswahili miaka mingi. Sasa nilitakiwa kujifunza Kiesperanto, lugha iliyobuniwa ili watu wa mataifa mbalimbali waelewane, kisha niwafundishe watu wazima.

"Kila herufi ina sauti moja, Mwalimu," akasema. "Mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, kama Kiswahili tu. Hutasumbuka."

Herufi zenye kofia, yaani alama ndogo juu yake, nilizishika upesi: ĉ ni ch yetu, ŝ ni sh. Hata c, inayotamkwa ts, niliizoea. Kilichonishinda ni l na r. Mimi ni mzaliwa wa Kamukuywa, na kwetu hizo mbili hubadilishana bila mtu kushtuka. Lakini katika Kiesperanto koro ni moyo, kolo ni shingo. Kwa macho nilizitofautisha, ulimi ulikataa. Sikumwambia mtu.

Mwisho wa mafunzo ya darasa langu la kwanza akaja Mtahini. Wanafunzi kumi na mmoja waliketi kuandika imla, nami ndiye msomaji. Nikafika sentensi ya tatu: La koro doloras, moyo unauma. Nikasoma. Kalamu zikasimama.

"Mwalimu, si urudie tafadhali," akasema Mama Nekesa, mkulima kutoka eneo liitwalo Kwanza, aliyehitaji cheti ili ahudhurie mkutano wa lugha hiyo ng'ambo.

Nikarudia. Mtahini akainua macho akanitazama.

Wanne walianguka, Mama Nekesa akiwemo. Wote wanne waliandika kolo, na kosa hilo ndilo lililowaangusha. Mama Nekesa alikunja karatasi yake. Nikamfuata Mtahini ofisini.

"Hawakukosea," nikasema. "Waliandika nilichotamka. Ni mimi nisiyeweza kutenga l na r."

"Nikiandika hivyo, Mwalimu, hutafundisha tena hapa," akasema Mtahini.

"Andika tu."

Mratibu aliwasomea imla upya. Watatu wakapita. Mama Nekesa, aliyekwisha kupoteza imani na masikio yake, akaanguka tena. Mkutano ukafanyika bila yeye.

Nilihamishiwa kituo cha Bungoma, nikawa msaidizi. Mkufunzi Mkuu wa huko, mdogo wangu kwa umri, alinikalisha mbele ya kioo.

"Kwa r, ncha ya ulimi igonge ufizi na kuachia. Kwa l, ibaki pale pale, hewa ipite pembeni. Usiharakishe, Mama. Hata mimi ilinisumbua, bana."

Ilinichukua miezi. Kisha nikafundisha hapo hadi nilipostaafu, na wengi wa wanafunzi wangu walikuwa na ulimi kama wangu. Siku ya kwanza ya kila darasa niliwaambia udhaifu wangu kabla ya kuandika herufi yoyote.

Vijana wanaoanza ualimu huniuliza kazi hii inataka nini hasa. Huwajibu kwamba inataka useme mapema pale usipoweza. Mimi nilisema, lakini nilikuwa nimechelewa, na aliyeumia hakuwa mimi.