Sungura Bibi Harusi wa Yeshimebet

Dada yangu Yeshimebet alishika brashi ya kuchorea kwa mara ya kwanza akiwa na miaka hamsini na mbili, na nalisema hilo kwa kujidai. Hapa mjini Gondar kila mchoraji utasikia ni mwana wa mchoraji. Sisi baba yetu aliuza chumvi.

Alianzia kwenye kitabu cha hadithi cha mjukuu wake. Humo mlikuwa na picha ya sungura bibi harusi, kapanda mgongoni mwa kobe, kobe mwenyewe kavaa raba miguu yote minne. Yeshi aliichekea picha ile mpaka mikate ya injera aliyokuwa akipika ikaungua. Akaanza kuinakili kwenye magunia, kwa rangi zilizobaki za milango. Kobe wake wa kwanza alikuwa kiazi mbatata kitupu. Nilimwambia, akaninunia siku mbili.

Akamwendea Mzee Kinfe, mchoraji wa watakatifu wa kanisa letu, amfundishe.

"Nakili hiyo hiyo mara arobaini," Mzee akamwambia, "ndipo uje."

Akanakili. Majirani wakapata la kusema.

"Mama Sungura, harusi lini?"

"Siku utakayooga!"

Mwaka huo chekechea ya mtaani ilitaka ukuta wake uchorwe. Mwalimu mkuu, Seble, akampa Yeshi siku nne na sharti moja: picha ifanane na ya kitabuni. La sivyo ukuta utapakwa chokaa. Dada yangu alikosa hamu ya kula. Ukuta ule ukifutwa, mtaa mzima ungesema mpika injera alipandwa na wazimu.

Siku ya nne tukakusanyika. Mzee Kinfe naye alikuja, na mkongojo wake. Seble akafungua kitabu, akatazama ukuta, akakunja uso.

"Dada Yeshi, kitabuni wanatazama pembeni, jicho moja moja. Hawa wako wananikodolea macho mimi!"

"Kwetu, kwenye picha za kanisani, anayechorwa jicho moja ni shetani na Yuda," Yeshi akasema. "Kobe wa watu kabeba bibi harusi, raba zinambana, kakosa nini nimnyime jicho?"

"Sharti lilikuwa kunakili."

"Basi leta chokaa. Jicho siondoi."

Jamani, moyo wangu! Nilitaka kumziba mdomo, na papo hapo nilitaka kumbeba mabegani.

Mzee Kinfe akausogelea ukuta mpaka pua ikakaribia kugusa rangi.

"Nani alikwambia uwageuze?"

"Hakuna, baba. Mara arobaini niliwachora kama kitabuni, na kila mara nikaona nawasingizia. Ya arobaini na moja nikawageuza."

Mzee akamgeukia Seble. "Mwalimu, chokaa yako kapake jikoni."

Kisha akashusha sauti, lakini mimi nilikuwa karibu, nikasikia yote.

"Nyumbani nina picha ya Bikira Mariamu kwenye turubai, ya kubandikwa kanisani. Mavazi nimemaliza. Uso umenishinda, macho yangu hayaoni tena. Kesho njoo na brashi zako, umchoree uso."

Dada yangu akakaa chini kwenye mawe na kulia. Nikapiga vigelegele peke yangu, kwa nguvu zangu zote, mpaka wanaomwita Mama Sungura wakatoka milangoni kuuliza nani anaolewa.