Papa Amadi, Springi na Uzito wa Majirani

Ukiingia Kamalondo na kumuulizia Amadi, utaulizwa na wewe: yupi, wa msikitini au wa springi? Huyu ni wa springi. Baba yake alikuja Lubumbashi kutoka Kasongo ya Maniema na kofia yake nyeupe na useremala wake. Mwana akazikataa mbao, akapenda chuma. Miaka mingi alifanya kazi katika garaji ya kampuni ya shaba, ambako pickup za mainjinia zilinyanyuliwa juu ili zipite njia za migodini bila kusugua tumbo.

Ikafika mwaka wa tisini na tatu, na maji yalikuwa yamezidi unga. Maduka ya mjini yalikuwa yameporwa, mishahara imekatika, pesa ya asubuhi haikununua kitu jioni. Majirani wenye asili ya Kasai, waliokaa pale tangu kuzaliwa, walikuwa wamefukuzwa wakapandishwa treni za Kasai, na nyumba zao zimebaki milango wazi. Amadi alirudi kwake na sanduku la funguo, akafungua garaji uani chini ya mabati, pale alipokuwa akifanyia vibarua vya Jumapili tangu zamani.

Kazi ilikuwepo, maana barabara nazo zilikuwa zimekufa. Hakuna aliyekuwa akiziba mashimo, na pickup iliyotoka kiwandani na miguu mifupi haikufika mbali. Amadi alikuwa akiifungua springi ya nyuma, yale mapande marefu ya chuma yanayolaliana ambayo Lubumbashi wanayaita lame, anaongeza lame moja au mbili, kisha anaweka kipande cha chuma kati ya springi na ekseli ili gari lisimame juu zaidi. Mbele, ambako gari hubebwa na fimbo mbili za chuma badala ya lame, alikaza boliti za fimbo hizo, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Ukizidisha, shafti zinakaa kishingoupande na mipira yake inachanika. Mpira wa breki nao lazima uwe mrefu, la sivyo siku gurudumu likining'inia shimoni unakatika, na dereva anaomba Mungu kwa lugha zote anazozijua.

Lakini sehemu ya kazi iliyompa jina ilikuwa ya mwisho. Springi mpya haikazwi gari likiwa tupu. Boliti za mwisho zinakazwa gari likiwa limebeba, chuma kimekaa pale kitakapokaa njiani. Sasa, mzigo utautoa wapi? Mteja haleti magunia yake kabla ya siku ya safari, na mwenye akili haachi unga ulale kwa fundi. Kwa hiyo Amadi alipakia watu. Aliita majirani, wakapanda nyuma wakakaa, yeye akaingia chini na fimbo yake ya kupimia, yenye alama ya chaki pale chuma kinapotakiwa kufika. Hesabu aliitoa garaji ya kampuni zamani, walipojaribu na mizani: watu watatu ni magunia manne ya kilo hamsini. Kazi ikiisha, mkewe Amida alitoa dumu la munkoyo, ule uji mwembamba wa mahindi uliochachuka kidogo, kila mtu akanywa kikombe chake.

Zamani ilibidi abembeleze watu wapande. Mwaka ule walikuja kabla hajaita, wakasukumana. Amadi alifurahi, akadhani ni mapenzi.

Mwezi wa pili wa mwaka uliofuata, mvua ikiwa inanyesha kweli kweli, Joséphine Kataliko alileta Hilux yake. Alikuwa mfanyabiashara wa Butembo, mwanamke wa jumla asiyependa maneno ya rejareja. Alitaka kupeleka unga na chumvi Kilwa, kule ziwani Mweru, arudi na samaki wakavu. Amadi aliposikia neno Kilwa aliweka ufunguo chini.

Binti yake Najma alikuwa ameolewa Kilwa na fundi wa mitumbwi. Mimba ilikuwa ya kwanza, na ya kwanza, kwa watu wa Amadi, inazaliwa nyumbani kwa mama mzazi. Amida alikuwa ameshaandaa kitanda na shuka. Kilichokosekana ni gari. Malori ya Kilwa yalikuwa yamekwama huku na huku kwenye tope, na wanawake wawili msimu ule walikuwa wamejifungulia kando ya barabara. Mmoja wao alizikwa hukohuko.

"Mama Joséphine," Amadi alisema, "mi nitakufanyia kazi yote. Sitaki kitu. Uniletee tu mutoto wangu."

"Iko na tumbo kubwa?"

"Iko na tumbo."

Joséphine alifikiri kidogo. "Atakaa mbele na mi. Lakini gari ikivunjika, Papa Amadi, tutalala mu pori sisi wote. Unasikia?"

Amadi alisikia, tena sana. Hakuwahi kufanya kazi kwa uangalifu namna ile. Alisugua kila lame, akapaka grisi, akaweka mpira mrefu wa breki. Siku ya kukaza, watu kumi na wanane walipanda, kina mama na kina baba. Léonie, muuza mikate wa kona, alikaa mwisho kabisa kwenye mlango wa nyuma kama kawaida. Pale ndipo palikuwa pake tangu zamani, kwa sababu ya makalio yake yaliyosifiwa Kamalondo nzima. Watu walikuwa wakisema Léonie peke yake ni magunia mawili na kifurushi. Amadi akaingia chini, akapima, chaki ikasema ndiyo, akakaza. Munkoyo ukanywewa mpaka dumu likapigwa kofi matakoni.

Asubuhi ya safari magunia yakaja, ishirini na manne, ndiyo hesabu waliyopatana. Yalipopanda ya mwisho, Hilux ikalala. Springi zilinyooka kabisa, chuma kikagota kwenye mpira unaokizuia kisigonge bodi ya gari, hakuna nafasi hata ya kupitisha jani la muhogo.

Joséphine alishika kiuno. "Ni nini hii? Umenitiya lame za kufa! Lame za bule, ulizitoa ku lori ya zamani!"

"Mama, lame ni muzima."

"Muzima gani inalala kama mulevi? Mi niende Kilwa na hii?"

Moyoni Amadi alimwona Najma ameketi kwenye tope, peke yake. Akaingia chini ya gari na tochi, akapapasa kila lame: haina ufa, haikuteleza. Boliti zimekaza. Akatoka na matope mgongoni, akasema mzigo ushushwe na watu waitwe. Majirani walewale wakapanda. Hilux ikasimama vizuri kabisa, chuma kwenye alama ya chaki. Akawashusha, akaanza kupakia magunia upya, moja moja, macho kwenye fimbo. Lilipopanda la kumi na nane, chuma kikafika kwenye alama.

"Simama," alisema.

Joséphine hakuhitaji karatasi. Alitazama magunia, akatazama watu waliojipanga ukutani wakisubiri kikombe. Magunia kumi na nane, watu kumi na wanane: gunia moja, mtu mmoja.

Léonie ndiye aliyeanza kusema. Alikuwa akikaza kitenge chake, na Amadi akaona kwa mara ya kwanza kwamba kile kitenge, ambacho zamani ncha zake zilikutana kwa taabu, sasa kilimzunguka mara mbili.

"Papa Amadi, usitafute mu chuma. Chuma iko muzuri. Ni sisi njo tunaisha."

Mwingine angecheka, maana Léonie alilisema kwa sauti yake ya utani. Amadi hakuweza. Kwa miezi mizima alikuwa akilala chini ya watu hawa, akipima nafasi kati ya chuma na mpira, asiinue macho kuona waliokaa juu. Aliwahesabu vichwa kama zamani, na vichwa havikondi. Alikumbuka wanavyosukumana kupanda, na kikombe wanavyokilamba, na aliona aibu mpaka masikio yakamwaka. Halafu akakasirika, bila kujua amkasirikie nani.

Lakini Kilwa ilikuwa palepale, na mimba haisubiri. Ilihitajika lame moja zaidi kila upande, na mjini lame hazikuwa zikipatikana tena, zilikuwa zimeyeyushwa kuwa majembe. Amida akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na lame mbili za zamani mabegani. Zilikuwa zikibana mlango wa banda la kuku tangu alipoolewa.

"Na kuku?" Amadi aliuliza.

"Kuku gani, mume wangu? Wa mwisho tulimla siku ya Idi."

Amadi alizikata, akazipinda kwenye moto wa makaa, akaziweka. Mara hii alikaza boliti juu ya magunia yenyewe, yote ishirini na manne. Chuma kikakaa kwenye alama, na vidole vitatu vikapita kati yake na mpira.

Joséphine alizunguka gari, akapiga teke gurudumu, akapanda. Kisha akatoa kichwa dirishani. "Ile mufuko moja ya unga inazidi. Mushushe."

Amadi alijua, na chuma kilijua, kwamba hakuna kilichozidi. Lakini Léonie alikuwa ameshalikumbatia gunia.

Siku zilizofuata Amadi hakufanya kazi ya maana. Kila ikinyesha alitoka nje kuitazama mvua kama mtu anayedaiwa nayo. Amida alimwambia ngoja ngoja yaumiza matumbo, basi aende hata akachambue maharagwe. Hakwenda.

Hilux ilirudi mchana mmoja, nyekundu kwa tope mpaka kioo, imesheheni samaki, na imesimama juu. Joséphine alipiga honi barabara nzima. "Haikuvunja kitu!" alipiga kelele. "Hata boliti moja!"

Najma alikuwa ndani, mzima, tumbo limefika kwenye dashibodi. Akafungua mlango. Amadi, badala ya kumpokea mwanawe, alikwenda akapiga magoti kwenye gurudumu la mbele na kuingiza kidole kati ya mpira wa kuzuia na chuma.

"Shuka sasa. Pole pole."

Najma akashuka. Gari likanyanyuka upande ule, kiasi cha unene wa kidole, na watu wote waliokuwa uani wakaona.

"Panda tena."

"Baba, nimechoka!"

"Panda, mama yangu."

Najma akapanda huku akinung'unika. Ziwani kulikuwa bado na samaki na muhogo, naye alikuwa amekula kwa ajili ya wawili. Chuma kikashuka, kikamfinya Amadi kidole. Hakukitoa.

"Eee, Mungu," Léonie alisema, mikono kichwani. "Angalieni. Huyu njo muntu."

Amadi alibaki pale chini, machozi yakimtiririka na kidole kimebanwa, hata hakujali nani anamwona. Ndipo Amida alipomgusa bega akamwambia ainuke, awaache Najma na wa tumboni washuke, waingie ndani wakapumzike.