Msomaji Mita Aliyegundua Kiu ya Kaka Yake

Saa moja na nusu asubuhi, Mita ameshapiga magoti mara tisa. Anafunua mfuniko wa chuma, anapuliza vumbi, anasoma tarakimu, anaandika, anainuka. Hata salamu anaiitikia huku anatembea.

"Nikisimama, mawazo yananikamata," anasema, na tayari ameshavuka barabara.

Jina lake halisi wateja wengi hawalijui; wanamwita Mita kwa sababu ya kazi yake. Kwa miaka kumi na sita amekuwa akisoma mita za maji nyumba kwa nyumba, kilomita kumi na nne kwa siku, kwa miguu. Ni mwembamba kama ufito. Ndiyo maana mwaka jana, wafanyakazi walipopimwa afya, alimcheka muuguzi waziwazi.

"Nilimwambia, dada, mashine yako imechanganya watu. Sukari ni ya wanaokaa kwenye viti vya kuzunguka."

Mashine haikuwa imekosea. Presha ilikuwa 146 kwa 92, mafuta ya damu yako juu, na sukari imeanza kupanda. Daktari alimweleza kwamba mambo hayo yakijikusanya kwa mtu mmoja huitwa sindromu ya umetaboli, na humsogeza mtu karibu na kisukari na maradhi ya moyo. Kisha akauliza kuhusu wazazi.

Baba yao alikufa kwa kiharusi akiwa na miaka hamsini na mmoja. Dada yao mkubwa anajidunga insulini kila siku. Mita alikuwa na arobaini na minne.

"Nikapiga hesabu palepale kitini. Bado saba," anasema. "Nikamuuliza, kwa hiyo daktari, nimerithi kifo?"

"Umerithi wepesi wa kuugua," daktari akamjibu. "Kurithi si kuhukumiwa. Huko kutembea kwako huenda ndiko kumekuchelewesha. Mwenzako wa tumbo moja je, amepimwa?"

Mwenzake huyo ni kaka yake, fundi viatu wa miaka arobaini na tisa, anayeishi peke yake na kushonea barazani kwake. Kwa miezi minane Mita alimbembeleza, na kwa miezi minane akaambulia jibu lilelile.

"Mdogo wangu, sina kitambi, sina ugonjwa. Kama una hamu ya kupima, kapime maji."

Akapima maji. Mita ya maji ya kaka yake, ambayo kwa kawaida husoma uniti nne kwa mwezi, safari hiyo ilionyesha saba. Mita akakagua bomba moja baada ya jingine, akasikiliza tangi la choo, akapapasa ardhi. Kavu.

Kaka mtu alikuwa barazani na jagi la maji pembeni. Akaenda msalani, maji ya tangi yakasikika yakimwagika. Akarudi, akanywa bilauri mbili. Kabla hajamaliza mshono, akainuka tena.

"Kaka," Mita akasema, "bomba halivuji. Unayevuja ni wewe."

"Joto tu hili."

"Joto gani? Hali hii imeanza lini?"

Fundi viatu akaitazama sindano yake. "Mwezi uliopita. Na tundu la sindano silioni vizuri siku hizi."

Walipofika kituo cha afya, sukari yake ilisoma kumi na tisa, zaidi ya mara mbili ya kawaida. Akalazwa siku nne. Sasa anameza dawa, na haruki kliniki.

"Nilikuwa naogopa kuambiwa," anakiri. "Kumbe mwili ulishaniambia, nikaziba masikio."

Lakini Mita hajatulia. Ndugu hao watatu wana watoto sita, wote watu wazima, na amewapangia kupimwa Jumamosi. Watano wamekubali. Binti yake wa kwanza, mwalimu, amesoma ujumbe na hajajibu siku ya tatu leo.

Anatazama simu, anairudisha mfukoni, anaongeza mwendo.

"Ana ubishi wa baba mkubwa wake. Jumamosi nitamfuata kwake mapema, nimkalishe chini, nimwambie kwamba hata mimi naogopa. Hilo sijawahi kumwambia. Halafu twende pamoja."