Nani amechana ukurasa wa kumi na tisa?

Leo kati ya saa nne na saa sita, mtu amechana ukurasa wa kumi na tisa wa kitabu changu cha katuni, hapa saluni kwangu Gatina.

Wacha niwaambie ni kitabu gani, ndio mjue uchungu wangu.

Ni katuni fupi kumi na moja, kila moja na hisia yake. Wivu. Aibu. Upweke. Kuna ya mlinzi mmoja, amechorwa mabega tu, na unajua kabisa simu aliyopokea ni ya msiba. Sijui huyu mchoraji alijifunzia wapi kuangalia watu hivi.

Ya saba ni ya dada wawili waliokosana. Mkubwa anaenda kugonga, mboga mkononi. Mdogo yuko ndani, amesikia, ameshika komeo…

Hapo nikaitwa kuosha mteja nywele. Kurudi, ukurasa unaofuata hauko!

Wateja walikuwa wanne. Watatu nimewapigia simu, wamekataa. Mama Brayo hata akanicheka: "Wewe na umri huo unalilia katuni?"

Eeh, nalilia. Dada yangu mdogo anaishi Silanga, na ni miaka miwili hatujaongea.

Umebaki wewe wa nne, uliyesuka mistari, namba yako sina. Kama ulichana kwa sababu ilikugusa, baki nao, sitaudai.

Lakini nafunga saa kumi na mbili jioni, na mboga ya kumpelekea, sukuma wiki, nimeshanunua. Kabla ya hapo nijibu hapa, bila kuzunguka: alimfungulia, ama hakumfungulia?